Barua ya Einstein na masanduku ya bati ya Likasi

Na Ilunga wa Kikula

Mwezi wa Julai 1939, gari moja lilizunguka kwa muda mrefu katika barabara za Long Island, nje ya jiji la New York, likitafuta nyumba ya kupanga ambamo profesa mmoja alikuwa akipumzika. Ndani yake walikuwamo Leo Szilard na Eugene Wigner, wanafizikia wa Hungaria walioihama Ulaya ya Hitler. Walikaribia kugeuza gari warudi. Mwishowe wakamuuliza mtoto aliyekuwa kando ya njia kama anajua anapokaa Albert Einstein, na mtoto akawaonyesha.

Safari ile iliihusu Likasi, mji wetu wa Katanga, Kongo. Mji wakati huo uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkubwa wa kampuni ya migodi ya Union Minière, na jiwe lililowatoa wale mabwana mjini lilichimbwa Shinkolobwe, kilomita kama 20 magharibi ya hapa. Szilard alikuwa ameona kwamba urani inaweza kutengenezewa bomu, na aliogopa Wajerumani wasije wakaipata urani ya koloni la Ubelgiji. Alikumbuka kwamba Einstein alijuana na malkia wa Ubelgiji. Shauri lake la kwanza lilikuwa jepesi: profesa amwandikie rafiki yake.

Malkia mwenyewe alikuwa Elisabeth, yule ambaye jina lake lilibandikwa Lubumbashi mwaka 1910 ikaitwa Elisabethville. Einstein alikuwa amepiga fidla pamoja naye katika jumba la kifalme la Laeken, na tangu mwaka 1929 waliandikiana mpaka kifo cha profesa. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika Ujerumani, alikaa miezi kadhaa Le Coq-sur-Mer, kwenye pwani ya Ubelgiji, akilindwa na polisi. Alipofika Princeton, Marekani, mmoja wa watu wa kwanza aliowasimulia juu ya kijiji hicho kipya na adabu zake za kujikweza alikuwa malkia huyo. Kwa hiyo watoto wa Katanga waliojifunza kuandika "Élisabethville" juu ya bahasha walikuwa wakiandika jina la rafiki wa barua wa Einstein. Sijui kama kuna darasa Likasi ambalo mwalimu amewahi kulisema hilo.

Einstein alisita kumsumbua malkia kwa jambo la siasa. Baada ya mashauriano, na baada ya Szilard kurudi tena, safari hii akiendeshwa na mwanafizikia mwenzake Edward Teller, barua ikaelekezwa kwa Rais Roosevelt. Ina tarehe ya 2 Agosti 1939. Ni kurasa mbili za mashine ya kuandikia. Ukurasa wa kwanza unaeleza habari za urani na bomu linaloweza kutokana nayo. Ukurasa wa pili unaanza na hesabu ya mawe: Marekani ina urani hafifu sana, kwa kiasi cha wastani, Kanada na iliyokuwa Chekoslovakia zina nzuri kidogo, chanzo kikubwa kuliko vyote ni Kongo ya Ubelgiji. Kisha barua inaendelea na mengine.

Hapo ndipo tulipotajwa. Ni mahali jiwe linapotoka, basi.

Alexander Sachs, mwanauchumi aliyejuana na rais, aliifikisha barua kwa Roosevelt tarehe 11 Oktoba, na tarehe 19 rais akajibu. Mwaka uliofuata Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka New York tani zaidi ya 1,200 za mawe ya Shinkolobwe kupitia bandari ya Lobito, Angola, zikalala katika ghala la Staten Island. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipokwenda kumuuliza Sengier kama angeweza kupata urani, mzigo ulikuwa tayari umo nchini mwao. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki, pamoja na ile ya Hiroshima, ilitoka huku. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na utajiri ambao migodi mingine haikuukaribia. Mengine yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65.

Ili kuelewa kwa nini barua ile moja inauma, inafaa kuangalia barua nyingine za mtu yule, kwa maana alikuwa mtu wa barua kila siku ya Mungu. Princeton aliishi nyumba namba 112, Mercer Street. Asubuhi alikwenda kwa miguu hadi Taasisi ya Masomo ya Juu, mchana akarudi kula, na baada ya hapo mara nyingi alikaa na Helen Dukas, katibu wake tangu 1928. Dukas alisoma, akachambua, akaandika kwa mashine majibu ambayo profesa aliyatoa kwa Kijerumani. Barua za watu wa ajabu ajabu aliziwekea jalada lake la pekee. Hakuzitupa.

Aliwajibu watoto. Mwaka 1946 msichana mmoja wa shule ya bweni huko Cape Town alimwandikia kwamba anapenda sayansi na nyota. Katika barua iliyofuata akaomba radhi kwamba alisahau kusema yeye ni msichana. Einstein akamjibu kwamba kwake si kitu, na kwamba la maana ni yeye mwenyewe asijali. Barua ya mtoto kutoka Afrika ilifika Mercer Street, ikasomwa, ikajibiwa.

Aliwajibu wakimbizi pia. Wayahudi waliotaka kutoka Ulaya walihitaji hati ya mdhamini, na Einstein alitia saini nyingi mno hata saini yake ikaanza kupoteza uzito mbele ya maofisa. Hapo mtu anaona mchoko wa kweli wa mwanasayansi ambaye dunia imemfanya mtetezi wake: kila bahasha ina roho ya mtu ndani, na kalamu ni moja.

Na aliandika juu ya Weusi wa Marekani wakati wazungu wengi wenye majina walikaa kimya. Mwaka 1931 W.E.B. Du Bois, mtetezi wa haki za Weusi, alimwomba makala kwa jarida The Crisis, naye akaitoa. Mwaka 1937 mwimbaji Marian Anderson alipokataliwa hotelini Princeton kwa sababu ya rangi yake, alilala nyumbani kwa Einstein. Mwaka 1946 Einstein alishirikiana na mwimbaji Paul Robeson katika kampeni ya kukomesha mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya watu, na barua yake ikapelekwa kwa Rais Truman. Du Bois aliposhtakiwa mwaka 1951, Einstein alijitolea kuja mahakamani kumtolea ushahidi. FBI ilimkusanyia faili la kurasa zaidi ya 1,400, na mwaka 1940 jeshi lilimnyima kibali cha kazi za siri. Mtu aliyetia saini barua ile hakuruhusiwa kuugusa mradi uliofuata.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa sawa hivyo. Mwaka 1914 alimwandikia mke wake wa kwanza, Mileva Marić, orodha ya masharti ya kuendelea kuishi pamoja: chakula kiletwe chumbani, nguo zifuliwe, asitegemee mapenzi. Waliachana mwaka 1919. Mtoto wao wa pili, Eduard, aliugua akili akawa anatunzwa Zürich, Uswisi. Baba yake hakumwona tena tangu 1933. Mwaka 1954 alikiri kwa mwandishi wa maisha yake kwamba kulikuwa na kizuizi ndani yake ambacho yeye mwenyewe hakukielewa vizuri, kilichomzuia kumwandikia mwanawe. Mtu aliyemjibu mtoto asiyemjua wa Cape Town alishindwa kumjibu wa damu yake. Jambo hili ni zito, na halifai kufunikwa kwa sababu ya ukubwa wa jina.

Tunajua haya yote, mazuri na mabaya, kwa sababu karatasi zilitunzwa. Dukas alikaa katika nyumba ile hadi alipofariki mwaka 1982, na mwaka huohuo karatasi zikahamishiwa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu. Margot, binti wa kambo wa Einstein, aliacha sanduku la barua za familia na agizo lisifunguliwe mpaka miaka 20 baada ya kifo chake. Lilifunguliwa mwaka 2006, na ndani yake kulikuwa na barua karibu 1,400. Toleo fupi la barua ya Roosevelt, alilobaki nalo Szilard, lilipigwa mnada New York Septemba 2024 likauzwa kwa dola karibu milioni 4. Na barua aliyopelekewa rais inaitaja Kongo kwa sentensi moja!

Kwa upande wa Shinkolobwe, hesabu ya karatasi ni nyingine. Wataalamu walipogundua madini mapya katika mawe ya Katanga waliyapa majina ya watu: sklodowskite kwa ajili ya Marie Curie, curite kwa ajili ya mume wake Pierre, becquerelite, sharpite kwa ajili ya Robert Rich Sharp aliyeuona mgodi mwaka 1915, sengierite kwa ajili ya mkurugenzi. Kasolite ilipata jina la Kasolo, mahali penyewe. Hakuna jiwe lililopewa jina la mtu aliyelipasua.

Na bado nyumba za Likasi zina masanduku ya bati. Panda, Shituru, Kikula, chini ya vitanda vya wajane wa wafanyakazi wa Union Minière na wa Gécamines iliyoirithi, kuna buku za kazi, picha ndogo za pasi, karatasi za posho, kadi za hospitali ya kampuni, barua ambazo nkambo, yaani babu, aliandika akiwa kambini kumwambia ndugu yake kijijini kwamba mtoto amezaliwa au kwamba kifua kinamsumbua. Kadi moja ya hospitali yenye tarehe inaweza kumweleza daktari wa leo jambo ambalo hakuna ripoti ya kampuni ililiandika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha mwaka 2009 vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi. Wanahitaji historia ya miili hiyo, na historia hiyo imo katika masanduku.

Kazi ya namna hii haianzi sifuri. Lubumbashi, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake walikwenda nyumba kwa nyumba katika mpango wa Kumbukumbu za Lubumbashi, wakakusanya vitu na masimulizi ya familia za wafanyakazi. Kabla yao, mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga historia ya Elisabethville kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani wa zamani. Ni maboi na wapishi walioona mambo ya wazungu wakiwa jikoni. Walieleza ukoloni kama walivyouishi, bila kungoja profesa awaulize, na leo maandishi yale yanasomwa vyuoni Ulaya na Marekani.

Likasi inastahili kazi hiyohiyo, na ifanywe mapema. Meya atoe chumba kimoja kikavu. Chuo Kikuu cha Likasi kitoe wanafunzi wawili wa historia na mashine ya kuskani. Maparokia yatangaze Jumapili. Karatasi zisichukuliwe: zipigwe picha, zirudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo, kwa maana familia nyingi zimeshapoteza vitu vyao kwa watu waliosema wataazima. Na nakala ya barua ya 2 Agosti 1939 ibandikwe ukutani mwa chumba hicho, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, ili mtoto wa Likasi aone sentensi ile kwa macho yake.

Kuna wanaosema Shinkolobwe iachwe ilale. Mgodi ulifungwa uhuru ulipokaribia, miaka mingi baadaye wachimbaji wa mikono wakarudi kufuata kobalti, Januari 2004 amri ya rais ikawakataza, na Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka likaua watu. Ni kweli pale pana hatari, na hakuna anayeomba mtu ashuke tena. Karatasi, hata hivyo, hazina mionzi.

Novemba 1954, miezi mitano kabla ya kufa, Einstein alizungumza na Linus Pauling, mkemia ambaye naye aliacha maabara mara nyingi kwenda kupigania amani. Pauling aliandika mazungumzo yao katika shajara yake: Einstein alisema alifanya kosa moja kubwa maishani, kutia saini barua ile, ingawa ilikuwa na udhuru wa hofu ya Wajerumani. Aprili 1955, siku chache kabla ya kufariki, alitia saini tamko la mwanafalsafa Bertrand Russell dhidi ya silaha za nyuklia. Tunajua majuto yake kwa sababu rafiki alichukua kalamu siku ileile.

Mzee aliyeingia Shinkolobwe akiwa na miaka 20 mwaka 1955 ana miaka 90 au zaidi leo. Kama yuko hai, yuko barazani kwa mjukuu wake, na sanduku liko chumbani. Mvua za Likasi huanza kati ya Oktoba na Novemba, na maji yakiingia nyumbani bati la chini ndilo linaloshika kutu kwanza.