Lugha ya Kompyuta za Afisini Huamuliwa na Nani?

Katika mijadala inayohusu Kiswahili na teknolojia, wapenzi wa lugha hii wamezoea kuuliza swali moja tu: kitu hiki kiitweje? Kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kipanya au puku. Wavuti au tovuti. Makongamano yamefanywa, tasnifu zimeandikwa, na urafiki wa baadhi ya wasomi umeingia doa kwa ajili ya maneno matatu yanayotaja chombo kimoja. Swali hilo si baya. Hata hivyo, liko swali jingine lenye uzito zaidi ambalo aghalabu haliulizwi katika madarasa yetu ya isimu: neno likishapatikana, ni nani anayeamua kwamba litaonekana kwenye skrini ya mtu aliye kazini?

Chukua mfano wa karani katika afisi ya wakala wa forodha huko Changamwe. Anaishi Likoni. Asubuhi amevuka feri, akapanda matatu, na njia nzima amesema Kiswahili: na muuza mahamri, na makanga, na mlinzi wa langoni. Anaketi na kuwasha kompyuta. Pembeni mwa skrini kuna safu ya aikoni: ya barua pepe, ya hesabu, ya kuandikia, ya mfumo wa forodha. Safu hiyo ndiyo kizinduzi. Akibofya aikoni, programu inafunguka. Karani huyu hakuipanga safu hiyo. Hakuchagua programu zipi ziwemo, zifuatane vipi, wala majina yake yaandikwe kwa lugha gani. Mtu mwingine, pengine aliye ng'ambo kisiwani au hata Nairobi, aliyapanga hayo yote mara moja kwa ajili ya kila kompyuta ya kampuni, na tangu siku hiyo lugha ya asubuhi hukoma pale kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa.

Namna jambo hili linavyofanyika yafaa ieleweke, maana hoja yenyewe imejificha humo. Katika kompyuta za Linux zinazotumia eneo-kazi la GNOME, msimamizi huandika faili fupi ya maandishi yenye orodha ya programu anazotaka zikae kwenye safu ya vipendwa. Faili hiyo huwekwa katika folda ya mfumo, kisha amri moja hutolewa ili hifadhidata ya mipangilio, iitwayo dconf, isasishwe. Mtumiaji aingiapo tena, huikuta safu mpya. Hadi hapo orodha ni pendekezo tu: mtumiaji aweza kuondoa aikoni moja na kuongeza nyingine, na chaguo lake yeye litashinda la msimamizi. Lakini msimamizi akiongeza faili ya pili, iliyo ya kufuli, na kuutaja humo mpangilio uo huo, basi mtumiaji hana tena la kufanya. Katika kompyuta za Windows kazi hiyo hufanywa kwa sera za kikundi zinazotoka kwenye seva na kuifikia kila mashine iliyounganishwa nayo. Miongoni mwa sera hizo imo hata ile inayoweza kumzuilia mtumiaji lugha ya menyu na vidirisha.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa. La kwanza ni chaguo-msingi, yaani kile ambacho mtu hukikuta kabla hajagusa chochote. La pili ni kufuli, yaani kile ambacho hawezi kukigusa hata akitaka. Wasimamizi wana sababu nzuri za kuyatumia yote mawili. Karani mpya akipiga simu kuomba msaada, ni rahisi kumwambia abofye aikoni ya tatu kutoka juu ikiwa aikoni ya tatu ni ile ile katika kila mashine. Hakuna haja ya kuwalaumu watu wa IT, kama wanavyoitwa, kwa kuifanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Wao hawakuketi wakala njama dhidi ya Kiswahili. Walichokifanya ni kuiacha lugha iwe ile waliyoikuta kwenye mashine, kwa kuwa hakuna aliyewaomba vinginevyo.

Na Kiswahili kipo, tena si cha jana. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya afisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka uo huo Microsoft ilitangaza mpango wake wa Kiswahili, na baadaye ikatoa kifurushi cha lugha cha Windows XP na vya matoleo yaliyofuata. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka wa 2010, ina Kiswahili pia. Hata zile faili ndogo zinazokipa kizinduzi majina ya programu kwenye Linux zimeundwa ziweze kubeba jina moja kwa lugha nyingi. Mashine huchagua la kuonyesha kwa kutazama lugha iliyowekwa. Baadhi ya maneno ambayo wanaisimu waliyatolea jasho yamo ndani ya mashine au yako karibu nayo. Hayajaitwa tu.

Watu wa Mombasa wana sababu ya kuijua nguvu ya chaguo-msingi kuliko wengi. Mwaka wa 1928 mkutano ulifanyika katika mji huu huu, na Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita. Mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi, na vitabu vya shule vikawa vinapita mikononi mwake kabla ya kuidhinishwa. Mtoto aliyesema "ndia" na "mato" nyumbani akakuta "njia" na "macho" kitabuni. Hakuna aliyemzuia kusema "ndia" barazani. Neno lake halikupigwa marufuku. Halikuwekwa tu pale ambapo jicho lake lingelikuta kila siku, na hilo likatosha kumfanya aone kwamba lugha ya mama yake ni ya nyumbani na ile nyingine ni ya maana. Wachangamwe, ambao ni mojawapo ya Thelatha Taifa pamoja na Wakilindini na Watangana, wamelibeba jambo hilo kwa takriban karne nzima. Ni kweli kwamba Kimvita hakikufa. Abdilatif Abdalla alikitumia katika Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973, na diwani hiyo husomwa katika vyuo vikuu hadi leo. Lakini iliwezekana kwa sababu lile la 1928 lilikuwa chaguo-msingi lisilo na kufuli kwa mshairi. Kwenye kompyuta ya karani wetu, hata njia hiyo ya mshairi inaweza kuzibwa.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayaenei kwa kuwekwa kwenye menyu. Mambo yanaonyesha kinyume. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyeishi na kufanya kazi Mombasa kwa miaka mingi, alipigania istilahi zichimbuliwe katika lahaja za pwani, na neno "runinga" linahusishwa naye. Lilishika kwa sababu watangazaji na wahariri wa Kenya walilitumia siku baada ya siku, mpaka hata aliyelicheka akajikuta analisema. Mfano wa karibu zaidi ni "fuliza". Kabla ya 2019 kitenzi hiki kilikuwa cha kamusi na cha wazee, kikiwa na maana ya kuendelea na jambo bila kukoma. Mwezi wa Januari mwaka huo Safaricom ikakipa huduma yake ya mkopo mdogo kwenye M-Pesa, na leo hakuna kijana wa Mtongwe au Mtopanga asiyekifahamu, ingawa maana aliyo nayo kichwani ni deni. (Mwanaleksikografia atakayeandika kamusi ijayo ana kazi hapo.) Hakuna kamati iliyowafundisha vijana hao neno hilo. Kampuni moja ililiweka kwenye orodha ambayo mamilioni ya watu huifungua kila siku, basi. "Tuma pesa" na "toa pesa" yalipita njia iyo hiyo tangu huduma ilipoanza mwaka wa 2007.

Ikiwa simu ya mkononi imeweza, kwa nini kompyuta ya afisini ishindwe? Tofauti moja ni dhahiri. Aliyetunga menyu ya simu alikuwa anamtafuta mnunuzi, na mnunuzi alikuwa mama mboga wa Kongowea. Anayepanga kompyuta za kampuni hamtafuti mtu. Karani ameajiriwa, atabofya atakachokikuta.

Pingamizi zenye uzito zipo, na si haki kuzipita kimyakimya. Kwanza, kizinduzi ni mlango tu. Karani akibofya aikoni yenye jina la Kiswahili, ataingia katika mfumo wa forodha ulio kwa Kiingereza, na nyaraka za bandari zitabaki zilivyo. Hilo ni kweli, na atakayedai kwamba kubadili majina ya aikoni kutaifanya bandari ya Kilindini iandike Kiswahili atakuwa anajidanganya. Pili, vifurushi vya lugha havikutafsiri kila kitu. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows hulazwa juu ya Kiingereza, na pale tafsiri inapokosekana Kiingereza huchungulia, hata skrini ikaonekana kama kanga iliyotiwa kiraka cha suruali. Tatu, na pengine hili ndilo zito kuliko yote: mashine ikileta hitilafu na kutoa ujumbe kwa Kiswahili, msaidizi akiutafuta ujumbe huo kwenye intaneti hatapata jibu, ilhali kwa Kiingereza angepata majibu mia. Msimamizi anayekataa Kiswahili kwa sababu hii si adui wa lugha. Anaijua kazi yake.

Lakini pingamizi hizo zote zinapinga kufuli la Kiswahili. Hazipingi chaguo-msingi la Kiswahili. Hakuna anayependekeza karani afungiwe ndani ya lugha moja kama alivyofungiwa sasa. Linalodaiwa ni kwamba akiwasha mashine akute Kiswahili, na akitaka Kiingereza abadilishe mwenyewe, bila kuandika barua kwa mtu yeyote. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika afisi ya umma ambako raia wa Kisauni huja kuhudumiwa na skrini imegeuzwa upande wake ili ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa, ni vigumu kuona hoja ya kuinyima lugha hiyo nafasi ya kwanza.

Isidhaniwe kwamba kufuli ndilo tatizo pekee. Katika saiba za Likoni na Kisauni, ambako watu huenda kuchapa barua na kujaza fomu za serikali, mwenye duka mara nyingi ndiye msimamizi. Hakuna seva inayomtawala. Na bado mashine zake ni za Kiingereza, kwa kuwa alizikuta hivyo na hakuwahi kuambiwa kwamba zingeweza kuwa vinginevyo. Hapa lawama haiwezi kutupwa kwa mtu wa IT. Wanafunzi wa Kiswahili hupita mbele ya maduka hayo kila likizo.

Wala chuoni hali si bora. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili huketi kwenye maabara ya kompyuta kuandika tasnifu kuhusu ukuaji wa istilahi, na kila neno analoliandika linapigwa mstari mwekundu kama kosa, kwa sababu kikagua tahajia kimewekwa Kiingereza kwa mashine zote. Ukurasa mzima wa Kiswahili sanifu, kilichohaririwa na mhadhiri aliyebobea, unaonekana kama daftari la mtoto aliyefeli imla. Kamusi za tahajia za Kiswahili zinapatikana kwa Microsoft Office na kwa LibreOffice pia. Hazijawekwa. Chumba cha msimamizi wa maabara hakiko mbali na idara ya Kiswahili, lakini ni nadra kwa mtu wa idara kubisha hodi huko akiwa na ombi la lugha. Watu huenda kuulizia nywila waliyoisahau.

Chama cha wanafunzi kinaweza kuanzia hapo, na muhula mmoja unatosha. Msimamizi aombwe aweke Kiswahili kuwa chaguo-msingi katika maabara moja: lugha ya eneo-kazi, majina ya programu kwenye kizinduzi, na kikagua tahajia, bila kufuli lolote. Kila mwanafunzi huingia kwa akaunti yake, kwa hiyo mwisho wa muhula itawezekana kuhesabu ni akaunti ngapi zimerudishwa kwenye Kiingereza. Waliorudi wasikemewe. Waulizwe ni neno gani liliwakera au kuwapoteza, maneno hayo yaandikwe, na orodha ipelekwe kwa wanaotafsiri LibreOffice na Linux, ambao ni watu wa kujitolea na huhitaji mikono.