Rula ya Karatasi na Haki ya Mtoto Apimaye

Tulipokuwa tukitazama mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, tuliona jambo lililotufikirisha sana. Rula za shule hazikutosha. Mwanachuo, kwa bidii ya kusifiwa, alikuwa amechora rula ya sentimita 15 kwa kompyuta, akaichapa na kumgawia kila mtoto nakala yake. Kisha aliwapa vijiti vya mbuni, vyote vimekatwa sawasawa, akawataka wavipime.

Karibu darasa zima lilijibu kwamba kijiti kina urefu wa karibu sentimita 13. Msichana mmoja, aliyekuja na rula ya mbao kutoka nyumbani, alijibu 12. Aliambiwa apime tena. Akapima, akapata 12. Daftari lake likatiwa alama ya kosa. Baada ya kipindi tuliilaza rula ya karatasi juu ya rula ya mbao. Sentimita 15 za karatasi zilikomea kwenye sentimita 14 na milimita 1. Katika darasa lile, mtoto aliyekosolewa ndiye peke yake aliyepima kwa usahihi.

Je, kosa lilitoka wapi? Kompyuta ile ilikuwa ikitumia Linux, mfumo unaopatikana bila malipo na unaofaa sana kwa shule zetu zenye kompyuta kuukuu. Linux haikuwa na hila yoyote. Ilitii maagizo iliyopewa. Mtu anapouweka mfumo huo na kuchagua Kiingereza cha Marekani, programu nyingi hudhani kwamba karatasi ni ile ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Karatasi tuitumiayo sisi ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Ukurasa wa A4 ukilazimishwa kuingia katika urefu wa Letter, hupunguzwa hadi asilimia 94 hivi. Hata karatasi inapokuwa sahihi, programu nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili maandishi yasikatwe pembezoni ambako printa haifiki. Kwa barua hasara hiyo haionekani. Kwa rula, kipimo kimekwisha haribika.

Yafaa mwalimu ajue ni kitu gani huharibika na ni kitu gani hubaki salama. Ukurasa ukipunguzwa sawasawa pande zote, pembe hazibadiliki. Kwa hiyo kipimapembe kilichosinyaa bado husema kweli. Urefu hubadilika, na eneo hubadilika zaidi: mraba wa sentimita 10 kila upande, ukipunguzwa hadi asilimia 94, hubaki na sentimita za mraba 88 tu badala ya 100. Ramani ya kipimio cha 1:50,000 nayo huwa si ya kipimio hicho tena. Sentimita 8 zilizokuwa kilometa 4 huwa sentimita 7.5, na mwanafunzi anayetumia rula hupoteza karibu robo ya kilometa. Lakini mstari wa kipimio uliochorwa kwenye ramani hupungua pamoja na ramani, nao hubaki mwaminifu. Hili lenyewe ni somo zuri la uwiano.

Njia ya kuliepuka kosa hilo si ngumu. Kwanza, hakikisha kwamba karatasi ni A4 mahali pawili: katika waraka wenyewe na katika mipangilio ya printa. Pili, katika dirisha la kuchapia la programu ya kusomea nyaraka, tafuta mahali panapohusu ukubwa wa ukurasa, uchague neno "None", maana yake ukurasa usikuzwe wala usipunguzwe. Anayependa kuandika amri anaweza kutumia hii: lp -o media=A4 -o print-scaling=none rula.pdf. Tatu, picha isichapwe ovyo. Picha yenye nukta 1,200 kwa upana, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, huwa na inchi 4, yaani sentimita 10.16, ikichapwa kwa nukta 96 kwa inchi, huwa na sentimita 31.75, ambazo haziingii katika upana wa A4. Ni afadhali kuitia picha katika LibreOffice, kuandika upana wake kwa sentimita, kuihifadhi kama PDF, ndipo kuichapa.

La nne ndilo kubwa kuliko yote: chora mstari wa sentimita 10 pembeni mwa kila zana, na nakala ya kwanza itokapo, uupime kwa rula ya kweli kabla ya kutoa nakala nyingine. Fanya vivyo hivyo baada ya kutoa fotokopi, kwani mashine hiyo nayo yaweza kupunguza.

Wapo watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo, na kwamba mwalimu mwenye watoto wengi hana nafasi ya kuhangaikia milimita. Hatukubaliani nao. Wazee wa mteremko huu walichimba mifongo ya kuleta maji vihambani kutoka mbali, na mfongo uliokosewa mwinamo haukufikisha maji, hata uchimbwe kwa jasho kiasi gani. Kupima nakala moja huchukua nusu dakika. Kumrudishia mtoto imani yake katika macho yake mwenyewe huchukua muda mrefu zaidi.

Yule mwanachuo alirudi darasani siku ya pili akiwa na rula zote mbili. Aliwaonyesha watoto kosa lake, akafuta alama ile katika daftari la msichana, kisha akawauliza wote kwa nini rula yake ilidanganya. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kilikuwa kipindi bora kuliko vyote tulivyovitazama katika mazoezi yale. Ndugu mwalimu mtarajiwa, zana yako isipopimwa na wewe, itapimwa na mtoto. Na jibu lake likitofautiana na lako, chunguza kwanza zana yako.