Funika kitalu kabla wingu halijatanda

Saa tisa alasiri, wingu jeusi likitanda juu ya vilima vya Tarime, sauti ya kwanza kusikika katika nyumba nyingi si ya radi. Ni ya mama: "Kimbia ukafunike miche!" Mtoto anatoka mbio na gunia mkononi. Mvua ya mawe inamkuta bustanini, na radi juu yake.

Haraka ya mama ina sababu. Miche ya vitunguu hukaa kitaluni wiki sita hivi kabla ya kuhamishwa. Mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kuharibu kazi yote hiyo, pamoja na fedha za madaftari na sare. Lakini miche huoteshwa tena.

Dawa ni kufunika mapema. Mbegu zikishachipua, nyasi zilizotandazwa juu ya udongo ziondolewe na kuezekwa juu ya kichanja: nguzo za kimo cha mita moja hivi, fito juu yake, upande mmoja ukiinuka kidogo ili maji yateremke. Miche inapokua, nyasi zipunguzwe taratibu ipate jua, ila fito zibaki. Siku yenye dalili ya mvua, magunia yatandikwe juu ya fito na kufungwa asubuhi, kabla watu wazima hawajatoka. Kujenga kichanja ni kazi ya Jumamosi moja, na watoto hujifunza wakisaidia.

Wingu likiwahi kuliko magunia, miche iachwe. Ngurumo ikisikika, kila mtu aingie ndani, akae mbali na mlango na dirisha. Aliye nje asijifiche chini ya mti. Kutoka kusubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mvua ikipita, wazazi wasiharakishe kung'oa. Kitunguu huchipua kutoka chini karibu na udongo, hivyo majani yakichanika mara nyingi hutoa mengine. Mahindi machanga nayo kiini chake bado kiko ardhini. Yapewe wiki moja. Nyanya iliyokatika chini kabisa ndiyo ya kupandwa upya.

Asubuhi yake, mama na mtoto wahesabu pamoja miche iliyopona. Ikipungua, mbegu nyingine zinapatikana Tarime mjini au Mugumu.