Tiba si Sadaka ya Wakubwa



Mwaka 1963 taifa hili lilitangaziwa vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 Serikali ikaondoa ada kwa wagonjwa wa nje. Lakini Disemba 1989, chini ya chama kimoja kisichoulizwa swali, ada ilirudi kwa jina tamu la "kuchangia gharama". Mgonjwa hakushauriwa, alitozwa.

Tangu hapo ada imekuwa ikivua joho moja na kuvaa jingine. Ilisitishwa 1990, ikarejea 1992. Mwaka 2004 ikawa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Mwaka 2013 ikafutwa huko. Oktoba 2024 ikaja SHA, na familia isiyo na mshahara ikatakiwa kuchangia asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, tena ilipe ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Tunauliza: mfugaji wa Namanga, ambaye ukame wa 2022 ulimwachia mifupa ya ng'ombe, atakadiriwa kipato gani? Mama anayeuza shanga mpakani atatoa wapi fedha za mwaka mzima? Akizidiwa, hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Kajiado, zaidi ya kilomita 80. Hujafika kwa daktari, nauli imekwisha kukufilisi.

Watasema hazina ni tupu. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti. Kenya haijaitimiza ahadi hiyo. Kinachokosekana si fedha tu, bali ni kuogopa wananchi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatamka kwamba afya ni haki na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wakristo wanalijua jambo hili. Msamaria hakumdai majeruhi malipo ya awali. Alimfunga vidonda kwanza.

Basi, ndugu, tusiishie kuchanga harambee ya bili kila Jumapili. Twende katika vikao vya bajeti ya kaunti, kila kanisa na wajumbe wake, tuulize kwa sauti moja: dawa ziko wapi, gari la wagonjwa liko wapi, na fedha zimekwenda wapi? Vyama vingi bila wananchi wanaouliza ni chama kimoja chenye majina mengi.