Bawa likishang'olewa
Pale Knoxville, Iowa, kwenye njia ya mbio ya udongo ya nusu maili, magari ya sprinti hufungwa bawa kubwa juu ya kichwa cha dereva, futi 5 kwa 5, la kuyagandamiza chini yasiteleze. Dereva hukanyaga mafuta karibu mzunguko mzima. Kinachomsumbua ni hewa iliyovurugwa na gari la mbele. Sasa ling'oe bawa hilo, kama wafanyavyo waandaaji wa mbio wa USAC, uone: nguvu za farasi 900 hivi, tairi zinachimba, gari linakwenda ubavuubavu, na mguu wa kulia lazima uwe na adabu. Likibiringika, hakuna bawa la kupokea kishindo. Wenye bawa wana kasi zaidi, sikatai. Lakini ukinipa tiketi moja tu, nakwenda kuwatazama wasio nalo.