Nyanchwa haihitaji klova ya chumvi

Klova ni mmea wa jamii ya kunde wenye vijani vitatu vitatu. Aina moja ya mwituni ya Ulaya, Trifolium fragiferum, inasifiwa kwa kustahimili udongo wa chumvi. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini Nyanchwa, huku Kisii, haina faida nayo. Chumvi hujikusanya katika nchi kame, maji yanapokauka na kuiacha juu. Kisii hunyeshewa zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua huosha madini na kuuacha udongo na tindikali. Dawa ya mgonjwa mwingine haituponyi.

Tunayo klova yetu, Trifolium semipilosum, inayomea yenyewe katika nyanda za juu za Kenya. Waaustralia waliithamini wakaifanya mbegu ya malisho, wakaiita Safari. Mizizi yake hushirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani, nayo majani yake humpa ng'ombe protini ambayo nyasi ya nepia pekee haitoshelezi. Wapo watakaosema mashamba yetu ni madogo mno. Ndiyo, ila klova hutambaa chini, hivyo zatosha kingo za matuta. Wengine wataogopa ng'ombe kuvimba tumbo. Hofu hiyo ina msingi, na kinga yake ni kuichanganya na nyasi, asilishwe klova tupu.

Basi mkulima aanze kwa kupima udongo, atie chokaa panapohitajika, ndipo achague mbegu. Udongo ndio unaochagua mmea, si sifa za ng'ambo.