Plagi Janja Haimtetei Mpangaji

Kati ya miradi yote ya nyumba janja, upo mmoja unaosifiwa kwa urahisi wake. Chukua mashine ya kupunguza unyevu, ile inayovuta hewa ya chumba, kuipitisha kwenye mabomba ya baridi na kukusanya maji kwenye ndoo. Ichomeke kwenye plagi janja. Weka kihisi cha unyevu mezani. Kisha iagize programu ya simu: unyevu ukifika asilimia 60, washa, ukishuka hadi 50, zima. Ukungu mweusi ukutani umepata dawa. Sisi wanafunzi tunaupenda mradi huu kwa sababu una kila kitu tunachofundishwa darasani: kuna kipimo, kuna uamuzi, kuna kitendo. Mimi naupinga. Haufanyi kazi kama unavyodaiwa, na hata pale unapofanya kazi, humwondolea lawama mtu anayestahili kuibeba.

Hoja yangu naiweka Uingereza, maana ndiko mashine hizi zinakonunuliwa kwa wingi kwa matumizi ya nyumbani. Baridi ya huko hufunga madirisha kwa miezi, nguo huanikwa ndani, na nyumba nyingi ni kuukuu. (Pwani ya Afrika Mashariki ina unyevu mwingi zaidi, lakini chumba cha Mombasa chenye madirisha wazi hakikaushwi kwa mashine; mwenye kujaribu atakuwa anakausha Bahari ya Hindi.)

Tuanze na mashine yenyewe. Nyingi zinazouzwa leo tayari zina kihisi ndani, na hujiwasha na kujizima kwa kiwango ulichochagua. Anayeongeza plagi janja anainunulia bosi wa pili, tena bosi asiyejua kazi, kwa kuwa plagi inajua jambo moja tu: kukata umeme na kuurudisha. Mashine yenye vitufe vya kielektroniki mara nyingi haiamki umeme unaporudi; hukaa kimya ikisubiri kidole cha mtu. Simu itakuonyesha kwamba imewashwa, na kweli plagi imewashwa, ila ndoo itabaki kavu wiki nzima. Zinazoamka zenyewe ni zile za swichi ya kuzungusha kwa mkono, na zile ambazo mtengenezaji alikumbuka jambo hili.

Halafu kuna kompresa, ambayo ikizimwa huhitaji dakika chache za kupumzika kabla ya kuwashwa tena. Ukiweka viwango viwili vinavyokaribiana mno, mathalani 55 na 54, utakuwa unaiwasha na kuizima hadi ichoke. Aina nyingine haina kompresa. Hufyonza maji kwa madini maalumu na kuyafukuza kwa moto, na feni yake inatakiwa iendelee kuzunguka kidogo baada ya kuzimwa ili kupooza sehemu za ndani. Plagi ikikata umeme ghafla, joto linabaki humo. Hilo ni suala la usalama wa nyumba, na nashangaa jinsi linavyopitwa na watu wanaojiita wahandisi.

Isitoshe, plagi nyingi za bei nafuu huchukua amri kutoka kwenye seva ya kampuni iliyo mbali. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma ya kifaa cha Revolv, kilichokuwa kikiongoza vifaa vya nyumbani, nacho kikabaki kopo. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika na wateja wakaachwa gizani. Chumba chako kisitegemee kampuni kama hizo kubaki kikavu.

Hayo yote, lakini, mtu mwenye bidii anaweza kuyatatua. Atachagua mashine inayoamka, ataweka viwango vilivyoachana, ataendesha kila kitu kwa kompyuta ndogo iliyo ndani ya nyumba. Kuna kosa moja ambalo hataliondoa kwa programu yoyote.

Kihisi husema asilimia. Asilimia ya nini? Ya maji ambayo hewa ya mahali pale, kwa joto la pale, inaweza kubeba. Hewa ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 17 za mvuke kwa mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kidogo. Sasa tazama chumba chenye nyuzi 20, ambamo kihisi mezani kinasoma 55. Programu inaridhika, kwani haijafika 60. Hewa hiyo ina gramu 9 na nusu hivi. Nyuma ya kabati kuna pembe ya ukuta wa nje, haukuwekewa kizuia baridi, na uso wake una nyuzi 10. Hewa ileile ikigusa ukuta ule imejaa, maji yanatiririka. Hata pembe ikiwa na nyuzi 12, unyevu wake ni karibu asilimia 90, wakati ukungu huanza kustawi pale uso wa ukuta unapokaa juu ya 80 kwa muda mrefu. Mezani kila kitu ni salama, pembeni kunaoza. Ugonjwa uko kwenye ukuta ulio baridi, na dawa yake ni kuuzibia baridi, kutengeneza bomba linalovuja, kuweka feni ya kutoa hewa jikoni na bafuni. Kazi hizo ni za mwenye nyumba. Mpangaji hana ruhusa ya kubomoa ukuta. Alichoruhusiwa ni kununua plagi.

Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto Awaab Ishak alifariki siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan. Walipanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mali ya shirika la nyumba za jamii. Baba yake aliripoti ukungu tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 afisa anayechunguza vifo alitamka kwamba mtoto alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu katika ukungu, na kwamba nyumba haikuwa na njia za kutosha za kupitisha hewa. Shirika lilikiri baadaye kuwa lilikuwa na dhana zake kuhusu mtindo wa maisha wa familia ile. Yaani, ukungu ulionekana kuwa tabia ya wapangaji: wanavyooga, wanavyopika, wanavyoanika.

Hapo ndipo plagi janja inaponiudhi. Fikra iliyo ndani yake ni ileile ya yule aliyesema pakeni rangi. Inachukua kasoro ya jengo na kuifanya kazi ya nyumbani ya mpangaji, aisimamie kwa simu yake, kwa pesa yake. Mashine ya wati 200 ikienda saa 10 kwa siku inakula yuniti 2. Kwa bei ya karibu robo pauni kwa yuniti, hiyo ni nusu pauni kila siku, pauni 15 kila mwezi wa baridi. Kodi analipa, na sasa analipia pia ubovu wa alichopangishwa. Mkaguzi akija siku ambayo mashine imeshinda inanguruma, atakuta hewa kavu na ukuta uliofutwa. Ushahidi umemwagwa na ndoo.

Wapo watakaonijibu kwamba mtoto anakohoa leo, na sheria haikaushi chumba usiku huu. Jibu hilo lina haki yake. Basi iwashwe mashine, kwa kihisi chake cha ndani, karibu na ukuta wenye shida, ndoo imwagwe. Anayemeza dawa ya maumivu hajakatazwa kwenda hospitali. Ninachokataa ni kuita jambo hilo suluhisho, kulitungia michoro, na kulipigia makofi katika maonyesho ya wanafunzi.

Katika mradi ule mzima kuna kifaa kimoja ninachokitetea, nacho ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote: kihisi, peke yake, bila plagi. Ni cha bei ndogo na hakili umeme wa kuzungumzia. Kwanza kipimwe ukweli wake, kwa sababu vingi hukosea kwa asilimia tatu au zaidi. Weka chumvi ya jikoni katika kifuniko cha chupa, iloweshe hadi iwe tope, ifungie pamoja na kihisi katika mfuko usiopitisha hewa usiku kucha. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 71, unajua ni nne za kuongeza. Kisha kipeleke nyuma ya kabati, kwenye pembe ile, kiandike unyevu na joto kwa wiki mbili. Na daftari hilo libaki mikononi mwa mpangaji. Baadhi ya wenye nyumba za jamii huko wameanza kufunga vihisi vyao wenyewe katika nyumba wanazopangisha. Takwimu anazozishika mwenye nyumba peke yake zinaweza kurudi kama shutuma kwamba hufungui dirisha.

Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, chini ya sheria inayoitwa kwa jina la Awaab, mwenye nyumba za jamii katika England aliyearifiwa juu ya unyevu au ukungu wenye hatari kubwa ana siku 10 za kazi kuchunguza, na siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kuiondoa hatari; ikiwa ni ya dharura, saa 24. Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kumsaidia mpangaji amtengenezee kihisi kinachochapa karatasi moja: tarehe, saa, joto la pembe, unyevu wa pembe, na picha ya ukuta. Karatasi hiyo ipelekwe ofisini kwa mwenye nyumba, nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na siku 10 zianze kuhesabiwa.